Mahindi yana cheti cha kuvuka mpaka, fundi je?

Serikali za ukanda huu zinaweka fedha nyingi katika vyuo vya ufundi. Wafanyabiashara wa mpakani wana kila sababu ya kuuliza: ufundi gani, na kwa hesabu ya nani?

Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kuingia nchini humo. Sababu iliyotolewa ilikuwa sumukuvu: vipimo vya mahindi yaliyoagizwa vilionyesha kiwango kisicho salama kwa mlaji. Malori yaliyokuwa njiani yakasimama, na wenye mzigo wakaanza kuhesabu gharama za kila siku inayopita.

Zuio hilo halikudumu. Siku chache baadaye liliondolewa, lakini kwa masharti. Mwagizaji awe amesajiliwa, maghala yake yajulikane, na shehena iambatane na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kwa lugha ya mizani, hizo ni miligramu 10 kwa tani moja. Lori la tani 30 halitakiwi kubeba hata theluthi moja ya gramu ya sumu hiyo.

Kenya haikuwa inaogopa kivuli. Mwaka 2004, sumukuvu katika mahindi iliwaugusha watu 317 mashariki mwa nchi hiyo, wakiwamo wa Makueni na Kitui, na 125 kati yao walifariki. Tanzania nayo ilizika watu mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo ubishi wa mwaka 2021 haukuhusu ushuru wala barabara. Ulihusu kazi za mikono zinazofanyika, au zisizofanyika, kabla gunia halijafungwa.

Kuvu wanaotoa sumu hiyo hustawi kwenye nafaka yenye unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Ili kufika hapo anahitajika mtu anayejua kuendesha na kutengeneza mashine ya kukausha, mwingine wa kuchomelea kihenge cha chuma kisichopitisha maji, mwingine wa kusoma kipima unyevu na kukirekebisha kinapodanganya, na mwingine wa kuchukua sampuli kutoka magunia mengi badala ya gunia moja la juu. Hakuna hata mmoja kati yao anayehitaji shahada. Wote ni zao la chuo cha ufundi.

Hapo ndipo habari ya majengo mapya ya vyuo inapomgusa mchuuzi wa Namanga, Busia, Mutukula au Sirari.

Fedha zilikoelekezwa

Mradi mkubwa wa pamoja katika eneo hili ni ule ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2018, unaojulikana kwa kifupi kama EASTRIP. Uliipa Ethiopia dola milioni 150 za Marekani, Tanzania milioni 75 na Kenya milioni 60, na kiasi kidogo kikaenda kwa Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki ili liratibu kazi ya pamoja. Kwa Kenya na Tanzania, fedha hizo ni mkopo wenye masharti nafuu. Maana yake ni kwamba zitarejeshwa kwa kodi, ikiwamo ile inayolipwa kwenye dirisha la forodha.

Vyuo 16 vilichaguliwa: saba Ethiopia, vitano Kenya na vinne Tanzania. Wazo lilikuwa kila chuo kijikite katika jambo moja na kulifanya vizuri kiasi cha kuvutia wanafunzi kutoka nchi jirani, badala ya kila nchi kujenga kila kitu. Chuo cha ufundi cha Mombasa kilipewa usafiri wa majini na shughuli za bandari, na kile cha Kisumu kikapewa nguo. Kituo cha KenGen kinafundisha umeme wa jotoardhi. Upande wa Tanzania, Chuo cha Ufundi Arusha kilipewa nishati jadidifu kupitia kampasi yake ya Kikuletwa, wilayani Hai. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilipewa usafiri wa anga, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ikapewa Tehama, na kampasi ya taasisi hiyo iliyopo Mwanza ikapewa ngozi.

Mbali na mradi huo, kila nchi ina mfuko wake. Tanzania iliunda VETA kwa sheria ya mwaka 1994, na sehemu ya fedha zake hutokana na tozo ya kuendeleza ujuzi inayolipwa na waajiri. Kiwango cha tozo hiyo kilishushwa mwaka 2023 hadi asilimia 3.5 ya mishahara, na mwenye wafanyakazi chini ya 10 halipi. Kenya inatoza kwa njia nyingine: mwajiri hulipa Sh50 za nchi hiyo kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na fedha huenda kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA.

Tanzania pia imeamua kila wilaya iwe na chuo cha VETA, na ujenzi umeendelea katika wilaya ambazo hazikuwa nacho. Kwa mzazi anayeishi kwa faida ya duka au kibanda, hilo si jambo dogo. Ada ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA imekuwa Sh60,000 za Tanzania kwa mwaka kwa wanafunzi wa kutwa na Sh120,000 kwa wa bweni.

Ngozi inayotoka na kiatu kinachorudi

Mfano wa Mwanza unaonyesha kwa nini chuo kinapaswa kufuata bidhaa iliyopo mahali husika. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na Kanda ya Ziwa ni moja ya maeneo yenye mifugo mingi. Hata hivyo, ngozi nyingi huuzwa kwa bei ya kutupwa, nyingine huoza machinjioni, na wateja wa mitumba ya viatu wanazidi kuongezeka sokoni.

Serikali za Jumuiya zilijaribu kulitatua hilo kwa amri. Mwaka 2016 zilikubaliana kupunguza hatua kwa hatua uingizaji wa nguo na viatu vya mitumba, ili viwanda vya ndani vipumue. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu ya ushuru chini ya mpango wa AGOA, Kenya, Tanzania na Uganda zililegeza msimamo. Rwanda iliendelea, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kupata nafuu hiyo. Wafanyabiashara wa mitumba wanakumbuka vizuri misukosuko ya miaka hiyo.

Amri hiyo, hata ingetekelezwa kikamilifu, isingeshona kiatu. Thamani ya ngozi huanza kupotea mapema, mnyama akiwa bado hai. Chapa ya moto inayopigwa ubavuni huharibu sehemu nzuri zaidi ya ngozi. Kupe huacha alama. Mchunaji mwenye haraka hutoboa kwa kisu, na tundu moja katikati hushusha daraja la ngozi nzima. Ikianikwa chini kwenye jua kali badala ya kuwambwa kivulini, au ikikosa chumvi kwa wakati, huanza kuoza kabla haijafika kwa mnunuzi.

Kwa hiyo mlolongo wa ujuzi unaanza na mchunaji, unapita kwa msindikaji, unafika kwa mkata ruwaza na mshonaji, na kuishia kwa fundi anayetengeneza cherehani nzito za viatu. Chuo kinachofundisha hatua ya mwisho tu kitatoa washonaji wazuri wanaonunua ngozi mbovu. Kwa mfanyabiashara anayebeba mikanda, ndala na viatu vya shule kuvuka Sirari, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mzigo wake utashindana na viatu vya plastiki kutoka ng'ambo au utarudi nao nyumbani.

Kagera, penye mipaka mitatu

Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alifungua chuo cha VETA cha Mkoa wa Kagera, kilichojengwa Burugo, Bukoba Vijijini, kwa msaada wa Serikali ya China. Ni vigumu kupata mkoa unaohitaji ufundi wa mpakani kuliko huo. Mutukula inaelekea Uganda, Rusumo inaelekea Rwanda, na Kabanga inaelekea Burundi. Kahawa, ndizi, samaki, saruji na mafuta vyote hupita hapo.

Mkoa huo pia unapitiwa na bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na sehemu kubwa iko Tanzania. Kazi ya bomba imewafundisha vijana wengi somo ambalo vyuo havijalimaliza. Mchomeleaji wa bomba haulizwi sana alisoma wapi. Huchomelea kipande cha majaribio, mshono wake ukapigwa picha ya eksirei au ukakatwa na kupindwa kuona kama utapasuka. Akifaulu kwa kiwango cha kimataifa, karatasi yake inaeleweka Hoima kama inavyoeleweka Tanga.

Fundi wa friji za malori ya samaki, fundi wa dizeli au fundi umeme wa ghala hana karatasi ya namna hiyo. Lori likiharibika upande wa pili wa mpaka, mwenye mzigo hupiga simu kwa fundi anayemjua, au hukubali fundi yeyote aliye karibu na kuomba Mungu. Samaki wakiharibika, hakuna anayejua amlaumu nani.

Ngazi ya III ni juu au chini?

Ugumu wa vyeti unaonekana kwenye jambo dogo. Kijana wa Tanzania mwenye cheti cha ufundi stadi cha VETA ngazi ya III amefika juu: ngazi zake zinaanzia I na kupanda. Kijana wa Kenya mwenye cheti cha majaribio ya ufundi cha NITA daraja la III yuko mwanzo: madaraja yake yanaanzia III na kupanda hadi I. Mwenye ghala la Taveta anayepokea vyeti viwili vyenye namba ileile anaweza kumwajiri mwanafunzi akidhani amepata bingwa, au kumlipa bingwa mshahara wa msaidizi.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inazitaka nchi wanachama zitambue sifa za kielimu na za kitaaluma zinazotolewa na wenzao. Makubaliano ya kutambuana yalianza na taaluma za juu: wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Fundi bomba, fundi magari na fundi friji wamebaki nyuma ya foleni, ingawa ndio wanaovuka mpaka mara nyingi zaidi na kwa kazi za siku moja au mbili.

Linganisha na bidhaa. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anaweza kutumia utaratibu rahisi wa forodha: bidhaa ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na imezalishwa ndani ya Jumuiya, hujaziwa cheti rahisi cha uasili palepale mpakani na kupita bila ushuru wa forodha. Utaratibu huo haujakamilika, lakini upo, na akina mama wengi wa sokoni wanaujua kwa moyo. Gunia la maharage lina karatasi inayosema limetoka wapi na kwamba linakubalika. Fundi aliyetengeneza mashine ya kuyapepeta hana.

Na hata karatasi hiyo ikipatikana, haitamaliza kila kitu. Julai 2025, Tanzania ilitoa amri inayozuia wasio raia kupewa leseni katika aina 15 za biashara. Miongoni mwake ni utengenezaji wa simu na vifaa vya elektroniki, ununuzi wa mazao shambani, uwakala wa fedha kwa simu na viwanda vidogo. Serikali ilieleza kuwa inalinda riziki ya wananchi wake, na Kenya ikalalamika kwamba amri hiyo inakwenda kinyume na makubaliano ya Jumuiya. Wakati huohuo, mradi uliokopewa mamilioni ya dola unapima mafanikio ya vyuo kwa vigezo kadhaa, kikiwamo cha wanafunzi kutoka nchi nyingine. Ni vigumu kumwambia kijana avuke mpaka kusoma ufundi ambao hataruhusiwa kuufungulia kibanda.

Nani anahesabiwa

Jambo lingine linawahusu wafanyabiashara wenyewe. Vyuo vinapotaka kujua soko linahitaji ujuzi gani, huuliza waajiri. Waajiri wanaojulikana ni wale waliosajiliwa, wenye orodha ya mishahara na wanaolipa tozo: viwanda, migodi, hoteli na kampuni za ujenzi. Mwenye malori mawili na vijana watatu hayumo. Kikundi cha akina mama wanaokodi ghala Holili hakimo. Asiyekuwamo kwenye hesabu ya tozo huwa hayumo kwenye hesabu ya mtaala.

Matokeo yake yanaonekana. Chuo kinaweza kuwa kilomita chache kutoka kituo cha forodha, kikawa na kozi za ushonaji, useremala na upishi wa hoteli, huku jirani zake wakitafuta mtu wa kutengeneza kipima unyevu au kufunga kihenge. Kozi hizo si mbaya. Tatizo ni kwamba mahitaji ya mpaka hayajafikishwa na mtu yeyote kwenye meza inayoamua.

Njia za kuyafikisha zipo. Vyuo vya mradi wa EASTRIP vinatakiwa kuwa na bodi za ushauri zenye wawakilishi wa sekta binafsi. VETA hutoa kozi fupi, na mara nyingi kikundi kinachokuja na watu wa kutosha na hitaji linaloeleweka husikilizwa haraka kuliko barua ya malalamiko. Ushirika wa wauza nafaka unaweza kuomba mafunzo ya ukaushaji na uchukuaji sampuli kabla ya msimu. Chama cha wenye malori kinaweza kuomba mafunzo ya mifumo ya ubaridi. Maombi ya namna hiyo humpa mkuu wa chuo hoja anapopeleka bajeti ngazi ya juu.

Kuna pia mlango kwa wale waliojifunzia kazini, ambao ni wengi kuliko waliosoma darasani. Tanzania, kupitia VETA, hufanya urasimishaji wa ujuzi: fundi hupimwa kwa vitendo, huzibiwa mapengo yake kwa mafunzo mafupi, kisha hupewa cheti. Kenya nayo ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi wa gereji mwenye miaka 15 ya kazi asiyejua kuandika ripoti ndefu anaweza kupata karatasi yake ya kwanza kwa njia hiyo. Mfanyabiashara anayemtegemea fundi huyo akimgharamia kipimo, analinda pia mzigo wake mwenyewe.

Kinachosubiriwa kwa serikali

Majengo yanaonekana na yana mawe ya msingi yenye majina ya wakubwa. Kazi iliyobaki ni ya karatasi, na haina utepe wa kukata. Nchi za Jumuiya zinahitaji jedwali moja linalosema ngazi hii ya VETA ni sawa na daraja lile la NITA na cheti kile cha Uganda, Rwanda au Burundi, na jedwali hilo libandikwe kwenye vituo vya pamoja vya mpakani kama zinavyobandikwa orodha za bidhaa. Zinahitaji pia makubaliano ya mafundi yatakayofanana na yale ya wahandisi. Kwa kazi ya siku moja ya kufufua lori lililokwama, kibali kisiwe kirefu kuliko safari yenyewe.

Masharti ya mahindi ya mwaka 2021 yalithibitisha kwamba nchi hizi zinaweza kukubaliana namba moja na kuisimamia. Ilichukua siku chache tu, kwa sababu chakula kilikuwa kinasubiri barabarani. Mafundi wamesubiri tangu mwaka 2010. Msimu ujao wa mavuno utakuja na unyevu wake kama kawaida, na mwenye ghala atahitaji mtu wa kuwasha mashine ya kukausha na kujua kuitengeneza ikizimika usiku, awe amesomea Moshi, Kisumu au Mbarara.